Lugha ya Eneo la Shule

Shule ninayofundisha iko nje kidogo ya Garsen, upande ambao barabara ya Lamu inayaacha maduka. Ilijengwa kwa ajili ya watoto wa mjini, lakini baada ya mafuriko wakulima wengi wa kandokando ya mto Tana walihamia huku juu, wakajenga karibu na ua wetu, na maji yalipopungua hawakurudi. Nyuma ya kichaka cha mathenge, ile miti ya miiba, kulikuwa na maboma ya Waorma waliosogea karibu na mji baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe. Kwa hiyo shule ilipofunguliwa Januari ile, gredi ya kwanza niliyopewa ilikuwa na watoto wa Kipokomo na wa Kiorma karibu nusu kwa nusu, Wagiriama wachache, na watoto wa Kisomali wa wenye maduka.

Mimi ni Mpokomo, mzaliwa wa kijiji cha chini ya Golbanti, mahali ambapo tuliamka na mto na kulala nao. Kiswahili nilikijua mapema kwa sababu mama alikuwa akiuza ndizi stendi ya mabasi na alinichukua kila siku. Kiorma nilikisikia utotoni kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji cha jirani. Nilijua kuwa kipo, nilijua maneno ya salamu, basi.

Siku zile hatukuwa na mjadala wowote wa lugha. Tulifundisha kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, kama shule nyingi tulizozijua, kwa sababu mitihani ya mbele ni ya Kiingereza na wazazi walikuwa wakikiulizia hicho. Kanuni tulizijua tangu chuo cha ualimu. Katiba, kifungu cha saba, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi, na serikali itazilinda na kuzikuza lugha nyingine za wananchi. Sera ya elimu nayo inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na pale penye mchanganyiko wa watu itumike Kiswahili. Kisha kuanzia gredi ya nne ahamie Kiingereza. Tuliyajibu hayo kwenye mtihani, tukapata alama zetu, tukayaacha huko huko.

Kilichoturudisha kwenye kanuni ni msichana mmoja.

Alikuwa binti wa dalali wa ng'ombe, mtu aliyejulikana soko zima la mifugo. Baba huyo aliongea Kiorma, Kisomali, Kipokomo na Kiswahili cha sokoni, na aliweza kumpatanisha muuzaji wa Bangale na mnunuzi wa Malindi bila yeyote kati yao kuhisi ameonewa. Lakini binti alilelewa bomani na mama na nyanya, na nyumbani hakukuwa na lugha nyingine ila Kiorma. Alikuja na hina mikononi, iliyobaki kwenye harusi ya dada yake, na wiki za kwanza alikaa dawati la mbele akinitazama mdomo. Niliposema simameni, alisimama wa mwisho baada ya kuwaona wenzake. Niliposema kaeni, vivyo hivyo. Nilimwandika moyoni kama mtoto mwenye haya. Walimu tuna tabia ya kuita haya kila kimya tusichokielewa.

Asubuhi moja, tukiwa katikati ya kuhesabu, alianza kujisogeza kwenye dawati. Akanyanyua mkono, akaushusha. Nilimuuliza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, anataka nini. Akasema neno moja kwa sauti ya chini. Nikamwambia arudie, akarudia, nami sikulielewa. Watoto wa Kiorma waliokuwa nyuma walilielewa, lakini tulikuwa tumewazoesha kutosema Kiorma darasani, wakanyamaza. Nikamwambia akae kwanza tumalize. Akakaa. Muda mfupi baadaye maji yalikuwa yanatiririka chini ya dawati, na darasa zima likacheka, Wapokomo na Waorma pamoja.

Hakulia. Alichukua mkoba wake, akatoka mlangoni, akapita kichaka cha mathenge akaenda kwao, na kesho yake hakuja.

Baba yake alikuja badala yake. Aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu na fimbo yake ya sokoni, akakataa kiti. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa bara, mpole, asiyepitisha jambo bila kuangalia kanuni yake. Niliitwa. Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, shule hii ni ya lugha gani?"

Nilianza kumweleza habari za Kiingereza na Kiswahili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye alimleta mtoto apate Kiingereza, kwa kuwa Kiorma anacho nyumbani bure. Lakini kama njia ya kufika kwenye Kiingereza ni kumvua mtoto nguo mbele ya watu, basi atamtafutia kazi ya kuchunga mbuzi. Alisema hivyo kwa utulivu, na utulivu huo ndio ulioniuma.

Mwalimu mkuu aliahidi kuitisha mkutano wa wazazi. Nadhani aliona ni jambo dogo: watu wakae, waisome sera, wachague lugha, kwisha. Usiku wake alinakili vifungu vyote kwa mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa na wasiwasi, ila sikujua niuelezeje kwa mtu aliyekulia mahali ambapo kila bonde lina kabila lake.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye darasa la gredi ya sita. Wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Bila kuambiwa, Wapokomo walikaa upande wa dirisha na Waorma upande wa mlango. Chifu alikuwepo. Shangazi yangu pia alikuwepo, dada wa baba yangu, mkulima wa mpunga na mjumbe wa bodi ya shule, mwanamke anayesikilizwa.

Mwalimu mkuu alifungua kwa kusoma. Alipofika pale pa kusema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo, aliinua macho akauliza kwa nia njema kabisa, "Sasa wazazi, lugha ya eneo hili ni ipi?"

Kijana mmoja mwenye pikipiki, aliyesimama mlangoni, akasema, "Tuambie kwanza eneo ni la nani."

Mtu ambaye hajakaa Tana hawezi kuusikia uzito wa neno lile. Kwetu, eneo ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na ni shamba linalokatizwa na njia hiyo. Ni kesi zilizolala kortini. Ni miaka mibaya ya mapigano, ambayo kila upande ulizika watu wake na ambayo hatuitaji hadharani. Kumwambia mtu kwamba lugha ya eneo ni ya jirani yake ni kumwambia kwamba yeye ni mgeni.

Shangazi alisimama. Alisema Wapokomo wamelima kingo za mto ule tangu hapajawa na barabara, kwamba kila kijito kina jina la Kipokomo, na kama kuna lugha ya hapa, basi hakuna haja ya kuuliza. Upande wa dirisha wakaitikia. Dalali wa ng'ombe akasimama naye. Akasema anaheshimu maneno ya mama, lakini nyanda zote kutoka Bangale mpaka baharini zina majina ya Kiorma, na hao waliokuwa wakilima kingoni waulizwe ni ng'ombe wa nani waliokuwa wakinywa maji mbele ya macho yao. Sauti zikapanda. Watu wakaanza kusimama. Mwalimu mkuu alishika karatasi yake kwa mikono miwili akimtazama huyu na yule, kama mtu aliyewasha taa akasikia nyumba inaunguruma.

Sijui nilipata wapi ujasiri, maana mimi si msemaji wa mikutano. Nilisimama karibu na ubao. Shangazi alinitazama akitarajia nimuunge mkono.

Niliwaambia kwamba mimi sina habari ya ardhi, nina habari ya darasa. Nikawaeleza kilichotokea bila kumtaja mtoto wala baba yake. Nikasema kulikuwa na mtoto aliyetaka kutoka nje, akaniomba ruhusa kwa adabu, kwa lugha ya mama yake, na mimi, mwalimu wake, sikumwelewa. Nikasema angeweza kuwa mtoto wa Kipokomo mbele ya mwalimu wa Kiorma, na aibu ingekuwa ile ile.

"Kanuni hii haigawi shamba," nikasema. "Inauliza mtoto ataelewa nini siku ya kwanza akiingia mlangoni."

Sikupigiwa makofi, ila walikaa. Chifu akatumia nafasi hiyo kusema kwamba sera yenyewe inaruhusu Kiswahili pale watu walipochanganyika, na Garsen ni njia panda, hapana mahali palipochanganyika kuliko hapa.

Dalali akakubali. "Kiswahili ni sawa," akasema. "Kimeuza ng'ombe wetu, kimeuza na mpunga wao. Hakina mwenyewe, hakitamnyang'anya mtu kitu."

Nyuma kabisa alikuwa ameketi mama mmoja wa Kipini, Mswahili wa pwani, aliyeolewa Garsen na aliyeuza viazi karai pale karibu na lango. Akajifunga leso vizuri akainuka.

"Hicho kisicho na mwenyewe ni chenu nyinyi," akasema. "Mimi changu nimekinyonya."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikavuka kutoka dirishani hadi mlangoni. Hata shangazi alicheka, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Baada ya hapo ikawa rahisi. Ikaamuliwa kwamba madarasa ya chini yatafundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kitakuwa somo, na lugha za mama zitafutiwe kipindi chake. Wakati tukitoka shangazi alinishika mkono akaniambia kwa Kipokomo kwamba nimesema vizuri, lakini nisije nikadhani kusema vizuri ndiko kushinda. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na huzuni, na nilimwelewa. Mtu ukiwa umeona maneno ya mama yako yakipungua vinywani mwa wajukuu, kuambiwa chukua lugha isiyo yako ili kuwe na amani si jambo la kushangilia.

Uamuzi ulikuwa umepita, lakini mtoto bado alikuwa nyumbani. Jumatatu jioni nilivuka kichaka nikaenda bomani kwao. Mama yake alinikaribisha kwa mikono, akanipa chai iliyojaa maziwa. Yeye hakuwa na Kiswahili nami sikuwa na Kiorma, tukawa tunatabasamiana kama mabubu wawili mpaka mzee alipofika kutoka sokoni. Msichana alikuwa nyuma ya nyanya yake.

Nilimwomba baba anifundishe namna ya kusema "nataka kutoka nje" kwa Kiorma. Akanitamkia. Nikajaribu. Nyanya akageuza uso upande wa ukuta, mabega yakitetemeka. Nikajaribu tena, na safari hii msichana alichomoza kichwa, akanisahihisha. Nikakosea. Akanisahihisha kwa sauti kubwa zaidi, polepole, jinsi mimi nilivyokuwa nikiwafanyia wao darasani. Ndipo nilipoisikia sauti yake hasa. Haikuwa sauti ya mtoto mwenye haya. Ilikuwa ya mtoto aliyezoea kuamrisha ndama.

Mama yake akasema jambo, na mzee akatafsiri: anauliza kama mwalimu atakubali kuchekwa hivi mbele ya darasa. Nikasema nitakubali. Kesho yake mtoto alirudi.

Nilitimiza ahadi. Wiki ile darasa zima lilijifunza kuomba ruhusa kwa lugha zote za humo ndani, na watoto waliniona nikipinda ulimi kama wao. Tangu hapo nikawa nafundisha kwa Kiswahili, na penye ugumu namwita mtoto aliyeelewa awaeleze wenzake kwa lugha ya kwao. Nikisema maji, Waorma wanasema bisaan, naandika yote ubaoni. Kulikuwa na kelele, sikatai. Kuna siku nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Lakini kabla ya likizo ya Aprili yule msichana alikuwa ananiuliza maswali kwa Kiswahili kibovu kisichoogopa kitu.

Muhula wa pili tulitembelewa na afisa wa elimu. Alikaa nyuma ya darasa langu kipindi kizima, akiandika. Kilipoisha aliniita kando, mwalimu mkuu akiwepo.

"Mwalimu, umefundisha kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili, bwana."

"Mimi nimesikia lugha nne."

Nilijitetea kwamba Kiswahili chenyewe kwa watoto wengi ni kigeni, wanakijua cha kununulia peremende tu, na bila lugha za kwao hawashiki kitu. Nikataja na Katiba, kwamba inataka lugha zote zilindwe. Akafunga kalamu yake.

"Katiba haikagui darasa," akasema. "Ninayekagua ni mimi. Ukiruhusu kila mtoto na lugha yake, utapima vipi kama somo limeeleweka? Kuna walimu wamejificha humo humo kwenye lugha ya mama, miaka mitatu mtoto hajasoma sentensi."

Alikuwa na hoja, na mpaka leo siwezi kuipuuza, maana nimewaona walimu wa namna hiyo. Aliyejibu ni mwalimu mkuu. Alisema ameisoma sera ile mara nyingi tangu ule mkutano, na haoni mahali inaposema mtoto anyamaze mpaka ajue Kiswahili. Akamwomba afisa achague mtoto yeyote ampime kusoma. Afisa akachagua wawili, mmoja wa Kipokomo na mmoja wa Kigiriama. Wa kwanza alisoma vizuri. Wa pili alisomasoma, akakwama, akamalizia kwa kubahatisha. Afisa akaandika kwamba lugha ya kufundishia ni Kiswahili, mwalimu apunguze kuchanganya, ufuatiliaji ufanyike. Hatukusifiwa wala kuadhibiwa. Nilipunguza kidogo, kwa kweli, hasa ubaoni.

Kipindi cha lugha za mama kilianza mwaka uliofuata, Alhamisi alasiri. Shangazi alikuja kuwasimulia watoto wa Kipokomo habari za mto, na mama wa yule msichana alikuja na kibuyu chake kuwakalisha Waorma upande wa pili wa jengo. Ijumaa hatukuweza kwa sababu ya sala, na Jumatano ilikuwa siku ya mnada, akina mama hawapatikani. Siku za kwanza wazazi wa kila upande walikuja kuchungulia upande mwingine wanafundishwa nini. Baadaye walichoka kuchungulia. Watoto wenyewe hawakuheshimu mpaka wowote; nilimkuta binti wa dalali mara kadhaa amejipenyeza kwa shangazi, na shangazi hakumfukuza. Alimwambia tu avue viatu kabla ya kukanyaga mkeka.

Sasa msichana yule ametoka mikononi mwangu. Alipoingia gredi ya nne masomo yote yaligeuka Kiingereza, kama kanuni isemavyo, na muhula ule wa kwanza nilimwona amekaa kimya tena dirishani, akimtazama mwalimu mpya mdomo. Sikulala vizuri kwa ajili ya kile kimya. Nilizungumza na mwalimu wake, kijana mwema, akasema anafanya awezavyo, muda ni mfupi na silabasi ni ndefu. Baba yake nilikutana naye mnadani. Alisema mtoto anapata shida lakini analalamika, na mtoto anayelalamika yuko salama. "Anagombana na vitabu kwa Kiorma," akaniambia, "halafu anavijibu kwa Kiingereza." Polepole amepata alama za katikati. Hesabu anaongoza.

Mimi bado niko gredi ya kwanza. Wiki iliyopita, Alhamisi, mama mmoja wa Kigiriama alikuja kunisubiri nje ya darasa, mtoto mgongoni. Aliona watoto wa wengine wanaitwa huku na kule, na wake na wenzake wachache wamebaki ndani na mimi wakichora. Hakuja kwa ugomvi. Aliuliza tu kama na wao wamo kwenye hiyo sheria.

Nilimwambia wamo. Akauliza basi mwalimu wao yuko wapi. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe angeweza kuja Alhamisi ijayo. Alisema hajasoma, hajui kufundisha, tena ana shamba la watu la kupalilia. Tulisimama pale tukiwaangalia watoto wakichora. Kisha akasema atamuuliza mama mkwe wake, ambaye anajua vitendawili vingi lakini macho hayaoni vizuri, kwa hiyo itabidi mtu amfuate nyumbani. Nikamwambia nitamfuata mimi.